Ndege yetu Caravan inavuta kushoto ikitembea chini, na pua inatetemeka ikitua. Nianzie wapi? (Malindi)

Kijana wa Maweni

Salamu aleikum wakuu. Mimi ni fundi mwanafunzi, mwaka wa pili, niko hapa uwanja wa ndege wa Malindi. Leseni sina bado, kwa hivyo sahihi yangu haina nguvu popote. Nabeba sanduku la spana na kuuliza maswali.

Juzi Cessna 208 Caravan imerudi kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, na rubani ameandika kwenye kitabu cha ndege mambo mawili. La kwanza, ikitembea chini inavuta kushoto, mguu wa kulia lazima ukae juu ya pedali muda wote. La pili, ikishatua na mwendo ukianza kupungua, pua inatetemeka hata saa za mbele (vipimo vya rubani) hazisomeki.

Fundi mkubwa wangu yuko msibani Mombasa mpaka keshokutwa. Ameniachia neno moja: nisifungue nati hata moja, nikague na niandike. Mwenye ndege naye hana subira, ameshakata shauri kuwa ni stiringi (mtambo unaoligeuza gurudumu la pua), anataka springi zake ziagizwe leo. Bei yake mwaijua. Nyinyi mngeanzia wapi?

Mzee Spana

Waleikum salaam mwanangu. Huyo fundi wako namkubali, na mwenye ndege mwache aseme, pesa ni zake.

Kabla hujalisogelea gurudumu nijibu hili: usiku wa kuamkia safari ndege ililala wapi, nani aliisukuma, na kwa kutumia nini?

Si udaku. Stiringi nyingi mbovu nilizopata kuziona hazikuharibikia njiani, ziliharibikiwa zikivutwa. Caravan, kwa pedali peke yake, gurudumu la pua lageuka takriban digrii 15 kila upande. Rubani akikanyaga na breki ya upande mmoja laweza kufika 56. Hapo ndipo mwisho. Ukilivuta kwa chuma cha kuvutia ndege ukapita hapo, kitu kitavunjika, na waliotengeneza hiyo ndege walilijua hilo, wakaweka kipande chekundu kilichokusudiwa kivunjike kwanza. Kikivunjika huning'inia kwa kamba yake pembeni mwa shokabu ya pua ili mtu akione. Kwa hivyo piga magoti, washa tochi, utazame. Ukikiona kinaning'inia, hiyo ndege haiendi popote na uzi huu tumeufunga.

Jambo la pili, kufuli ya usukani wa mkia. Pedali, usukani wa mkia na gurudumu la pua vyote ni ndugu, vimeungana. Ndege ikivutwa huku mkia umefungwa kufuli, ile nguvu yote inaishia kwenye viungo na springi. Uliza kama ilikuwa imefunguliwa.

Uwanja mmoja wa kisiwani, jina naliweka, niliwahi kuona vijana wamefunga kamba ya nailoni kwenye gurudumu la pua wanaivuta ndege kwa pikapu, kona mbichi kabisa kama wanageuza mkokoteni. Dereva alikuwa anaongea na simu. Asubuhi yake rubani akaandika "stiringi nzito" na kila mtu akaapa hajui lolote.

Kijana wa Maweni

Ahsante mzee. Nimetazama kwa tochi. Kipande chekundu kiko mahali pake. Ililala Manda, ilisukumwa na watu wanne kwa mkono na chuma chake cha kuvutia, hatua kama kumi tu, na kufuli ya mkia ilikuwa wazi. Nimempigia aliyekuwepo na ameapa. Kwa vile hakuna kilichovunjika, namwamini.

Tairi Bovu

Matatu yangu ya Malindi–Mombasa inavuta kushoto tangu 2019, abiria hajawahi kulalamika hata mmoja. Nashika usukani kwa goti maisha yanaendelea.

Mzee Spana

Tairi Bovu, siku matatu yako itakapotua juu ya lami kwa mwendo wa ndege, nitakuja mimi mwenyewe kukushikia hilo goti.

Nahodha wa Shela

Masalkheri. Mimi si mtu wa ndege, ni mtu wa vyombo, kazi yangu ni kuvusha abiria kutoka Manda kuja Amu (Lamu). Lakini hili la kuvuta upande twalijua. Chombo kikikuvuta, mgeni hukimbilia shikio. Sisi huangalia shehena kwanza. Yawezekana mawe yamelala upande mmoja, wewe wahangaika na kana (mkono wa shikio) bure. Hamuna kitu kama hicho kwenye ndege?

Mzee Spana

Nahodha, tunacho hasa. Mafuta hukaa kwenye mabawa, na bawa moja likiwa zito ndege huinama upande ule. Hata tairi la nyuma moja likiwa na upepo mdogo kuliko mwenziwe, ndege itavuta upande wa lile laini. Kijana, pima matairi yote matatu asubuhi yakiwa baridi, usipime yakitoka kutua. Namba sahihi zitoe kwenye kitabu cha ndege hiyo hiyo, usizitoe kwangu wala mtandaoni.

Binti Rubani

Habari zenu. Nimerusha Caravan pwani hii misimu kadhaa, naomba niongeze kitu kabla mnyonge stiringi hajahukumiwa.

Upepo. Siku hizi ni kusi. Malindi njia kuu ya kurukia ni 17/35, kwa hivyo ukiruka kwa 17, yaani kuelekea karibu kusini, kusi inakuja karibu na uso na huisikii. Lakini ukiwa kwenye njia ya pembeni ya kutembelea chini, ndege imekaa ubavu kwa upepo, mkia ule mkubwa unasukumwa kama tanga na pua inataka kugeuka iutazame upepo. Rubani mgeni ataandika "inavuta".

Kuzitenganisha ni rahisi. Itembezwe kipande kile kile cha lami kwenda, halafu kurudi. Mvuto ukihama upande, ni upepo au lami imeinama. Ukibaki kushoto kwenda na kurudi, basi ni ndege yenyewe.

Na kingine, kwa faida ya wasomaji wengine: ndege hizi ndogo ukikanyaga pedali zikiwa zimesimama, gurudumu la pua linaweza lisigeuke hata kidogo, kwa sababu katikati pana springi. Unakuwa umezikaza springi tu, na ndege ikianza kubiringika ndipo gurudumu linafuata. Nimeona abiria aliyekaa kiti cha mbele akaingiwa na hofu kwa hilo.

Fundi Pampu

Mnazunguka sana. Hiyo shokabu ya pua imeisha upepo. Jaza nitrojeni ipande juu, stiringi itakuwa laini kama maji. Nimefanya mara mia.

Mzee Spana

Ndugu yangu Pampu, mara mia umefanya kwenye ndege gani? Shokabu ya pua ya Caravan kazi yake ni mafuta, ikisaidiwa na ile springi nene ya chuma iliyopinda nyuma yake. Sio ya kupigwa upepo kama ya Cessna 172.

Na hata hiyo 172, ushauri wako ni hatari. Ndani ya shokabu yake mna kitu kinacholirudisha gurudumu katikati na kulikaza ndege ikiwa hewani, ili isije ikatua gurudumu likiwa limeangalia pembeni. Kinashika pale shokabu inaponyooka yote. Sasa wewe ijaze upepo kupita kiasi, mizigo ikae nyuma, pua iwe nyepesi: shokabu inanyooka ndege ikiwa bado chini, na gurudumu linadhani liko mawinguni. Rubani akanyage pedali mpaka achoke, haligeuki. Nilishawahi kuitwa kwa tatizo hilo, nimebeba sanduku zima la vifaa, na nilichofanya ni kutoa upepo kidogo na kunywa chai yao.

Fundi Pampu

Sawa mzee, nimekubali kwa Caravan. 172 tutazungumza siku nyingine.

Kijana wa Maweni

Majibu ya leo. Matairi yote matatu nimeyapima saa kumi na mbili asubuhi, yako ndani ya kipimo. Mafuta ya mabawa hayana tofauti ya maana. Rubani mwenyewe ameitembeza kwenda na kurudi mimi nikiwa kiti cha kulia. Inavuta kushoto kote kote, kwa hivyo si upepo.

Lakini kuna kitu kimenishangaza. Kipande cha kwanza ilikwenda wima kabisa, mpaka rubani akaniambia "mbona leo imepona?" Ilianza kuvuta tulipokuwa tunarudi, baada ya kupiga breki mara nne au tano.

Mzee Spana

Mwanangu, hapo ndipo penyewe. Isome tena hiyo sentensi yako ya mwisho. Springi ya stiringi haijui kama ni asubuhi au jioni, wala haijali umepiga breki mara ngapi. Ni kitu gani kwenye ndege hiyo kinakuwa kingine kikipata moto?

Fanya hivi. Itembezwe tena, isimame, ikizimwa kabisa na propela imesimama, nenda kwenye magurudumu ya nyuma. USIGUSE diski. Leta kiganja chako umbali wa shibiri moja, upande wa kulia kisha wa kushoto, ulinganishe joto. Na usimruhusu mtu kumwaga maji juu yake kupooza. Nimeona watu wakifanya hivyo na diski ikapinda mbele ya macho yao.

Halafu ikiwa bado ya moto, isukumeni kwa mkono breki zikiwa zimeachiliwa, watu wawili kila upande, wewe utege sikio.

Tairi Bovu

Mzee mimi yangu pia inavuta zaidi ikipata moto!! Nikimaliza Kilifi ndiyo inaanza.

Mzee Spana

Basi umesaidika bure. Kesho usipakie, nenda kwa fundi wako wa breki.

Mwana wa Mambrui

Samahani kuingilia, mimi ni msomaji tu. Zile Dash 8 zinazotua Malindi, na Boeing za Mombasa, nazo ni pedali na springi?

Binti Rubani

La, hizo gurudumu linageuzwa na nguvu ya haidroliki. Rubani ana pedali kwa kunyoosha njia ndogo ndogo wakati wa kukimbia, halafu ana kigurudumu au mkono mdogo ubavuni mwake kwa kona kubwa. Nahodha hapo juu angeuita kana. Boeing 737, kwa mfano, pedali zinaligeuza gurudumu digrii 7 tu, kana inaligeuza 78.

Kosa la kawaida kwa hizo kubwa ni la kibinadamu. Zikisukumwa nyuma na trekta, fundi wa chini huweka pini ya kuzima stiringi ili haidroliki isishindane na trekta. Pini ikisahauliwa ndani, rubani atazungusha kana na hakuna kinachogeuka. Ndiyo maana ina utepe mwekundu mrefu, na ndiyo maana fundi husimama pembeni akiinyanyua juu rubani aione kabla ya kumpungia mkono.

Mzee Spana

Na stiringi yenye kompyuta nayo ina visa vyake. Tarehe 21 Septemba 2005, Airbus A320 ilitoka Burbank kwenda New York, magurudumu ya pua yakakwama yamegeuka digrii 90, yameangalia pembeni kabisa. Walizunguka saa kadhaa kuunguza mafuta, kisha wakatua Los Angeles. Abiria walikuwa na televisheni kwenye viti, wakajitazama wenyewe kwenye habari. Matairi yaliliwa, chuma kikasuguana na lami mpaka moto ukatoka, na hakuna aliyeumia.

Wachunguzi walipofungua walikuta masikio ya chuma ndani ya shokabu, yale yanayoizuia isijizungushe, yamekatika kwa uchovu. Na kilichoyachosha ni jaribio. Kompyuta, kabla ya kila kutua, ilikuwa inalitikisa gurudumu kushoto na kulia kujipima kama stiringi nzima, na kule kutikisa mara kwa mara ndiko kulikoyamaliza masikio. Kisa hiki nakipenda, nakitoa kila nikipata mwanafunzi.

Sasa turudi kwa Caravan. Kijana uko wapi?

Kijana wa Maweni

Niko, mzee. Fundi amerudi kutoka msibani (Mungu amrehemu marehemu), tumeshinda naye tangu asubuhi.

Kulia joto la kawaida. Kushoto nilirudisha mkono haraka. Tulipoisukuma ndege upande wa kushoto ulikuwa unatoa sauti kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga.

Tukaiweka kwenye jeki. Fundi akaliviringisha tairi la kulia kwa mkono mmoja, likazunguka mara moja na nusu ndipo likasimama. La kushoto halikumaliza robo. Diski yake imepata rangi ya buluu pembeni, na pedi moja imeliwa mshazari, upande mmoja nyembamba upande mmoja bado nene.

Breki ya hii ndege imekaa juu ya pini mbili na inatakiwa itelezeshe huku na huku. Rubani akiachilia pedali, inarudi yenyewe. Ya kushoto ilikuwa hairudi. Fundi alipoitoa, pini zilikuwa na kutu nyekundu, na kuna mtu siku za nyuma alizipaka grisi ya kawaida. Hiyo grisi imekusanya mchanga wa uwanjani na vumbi la breki, imegandamana ikawa kama halua. Nimeikwangua kwa kipande cha mbao.

Kwa hivyo breki ya kushoto ilikuwa inashika kidogo muda wote, na ikipata moto inashika zaidi. Rubani anahisi pua inakwenda kushoto, anasema stiringi. Mwenye ndege nimemwonyesha pini ndani ya kitambaa. Akaguna tu.

Mzee Spana

Ahsante kwa kuturudishia habari, wengi huuliza wakatoweka.

Grisi pale haifai, kwa sababu hiyo hiyo uliyoikwangua. Hutumika kilainishi kikavu kilichotajwa kwenye kitabu, na kabla ya hapo pini isafishwe mpaka ing'ae, ikiwa imelika itupwe. Halafu ndege inayolala Manda na Malindi, chumvi inakuja na upepo usiku kucha. Ratiba ya kusafisha breki iliyoandikiwa nchi kavu haiitoshi. Mwambie fundi wako afupishe siku.

Sasa lile la pili. Msije mkafikiri kutetemeka kumepona kwa sababu breki imepona. Hayo yalikuwa magonjwa mawili yaliyoandikwa mstari mmoja.

Binti Rubani

Na kwa rubani wa ndege hiyo: ikianza kutetemeka vuta usukani wa mikono nyuma uipunguzie pua uzito, na usikanyage breki kwa hasira. Breki inaisukuma pua chini na kuzidisha.

Mzee Spana

Kwa mtetemo, pua ikishanyanyuliwa, anza na tairi lenyewe. Lizungushe taratibu utafute mahali palipoliwa bapa, utazame kama linayumba. Kisha beringi: lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Kisha mikasi, ile mikono miwili ya chuma inayokunjuka kwenye shokabu na kuifanya isijizungushe. Mwenzio alishike tairi mbele na nyuma, alitikise kushoto na kulia kidogo kidogo, wewe uweke ncha ya kidole kwenye kiungo, nusu ya kidole juu ya chuma hiki na nusu juu ya chuma kile. Jicho halitaona kitu. Kidole kitakwambia.

Mwisho ni dampa, ile silinda ndogo ya mafuta inayoua mtetemo. Fundi akiitenganisha upande mmoja, vuta na sukuma fimbo yake. Uzito uwe ule ule kwenda na kurudi. Ikiteleza bure kipande fulani halafu ikakaza, ndani mna hewa au mafuta yamepungua. Watu wengi huanza na dampa kwa sababu ina jina zuri, wanaweka mpya, mtetemo unapungua wiki mbili, halafu unarudi kwa sababu kiungo kilicholegea kimeiua na ile mpya.

Kijana wa Maweni

Mzee, kidole kimesema. Tairi halina bapa, beringi hazichezi. Kiungo cha juu cha mkasi kinagonga "tk, tk" chini ya kidole, hakionekani kabisa kwa macho. Fundi ametoa bolti, bushi (vile vipete vya chuma ambamo bolti hupita) zimekuwa yai badala ya duara. Dampa tumeijaribu, iko sawa kwenda na kurudi.

Bushi nne zimeagizwa Nairobi. Hakuna kiti kwenye ndege ya kesho, kwa hivyo zinakuja kwa basi la usiku. Breki imesharudishwa mahali pake, fundi ametia sahihi upande ule.

Tairi Bovu

Yaani ndege inangoja basi 😂😂

(Breki yangu imetengenezwa leo. Ilikuwa kushoto nyuma. Mzee Spana unanidai nikulipe.)

Mzee Spana

Nilipe kwa kwenda polepole pale Gede.

Kijana, bushi zikifika usizifungue kwa furaha. Soma karatasi yake kwanza, na namba ya kila moja uilinganishe na kitabu, kila moja kivyake.

Kijana wa Maweni

Zimefika saa moja asubuhi, nimezichukua mimi mwenyewe kituoni. Karatasi imo na imetiwa sahihi. Nimesoma namba moja moja kama ulivyosema: tatu ndizo. Ya nne namba ya mwisho tofauti, na ukiishika mkononi huoni tofauti yoyote.

Fundi ameirudisha kwenye bahasha. Inapanda basi la leo jioni.